Mwambie Angali Mwaka wa Pili

Kibali cha ajira kimetoka. Idara yako imepewa nafasi mbili za wakufunzi wasaidizi na moja ya mhadhiri, na kwenye kikao mtu amekumbusha, kama inavyokumbushwa kila mwaka, kwamba safari hii tujitahidi tupate na wanawake. Wote mkaitikia. Tangazo litatoka, majina yatachujwa, usaili utafanyika, na baada ya miezi kadhaa mtawakaribisha vijana watatu wa kiume. Kisha kwenye ripoti ya mwaka utaandika sentensi ambayo hata mimi nimewahi kuiandika: wanawake hawakuomba.

Niliongoza idara ya sayansi kwenye chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, na sentensi hiyo niliiandika mara mbili kabla haijaanza kuniumiza. Ilikuwa kweli, lakini ni ukweli wa mtu anayekwenda sokoni jua likizama halafu analalamika kwamba mboga zote zimenyauka. Mwanamke utakayemwajiri miaka mitano ijayo yuko kwenye darasa lako leo. Pengine ameketi safu ya tatu, anaandika kila unachosema, na hajawahi kuuliza swali. Kazi ya kumpata inaanzia hapo.

Ninaandika kwa ajili yako mkuu wa idara, kwa Amidi, kwa kiongozi wa mradi wa utafiti mwenye fedha za kuajiri wasaidizi wawili, na kwa mhadhiri asiye na cheo chochote ila ana wanafunzi. UNESCO inakadiria kwamba duniani kote wanawake ni takriban theluthi moja tu ya watafiti. Namba hiyo ni nzito, lakini haitakuonyesha pa kushika kwenye kikao chako cha Jumatatu. Wewe una kitu ambacho waziri hana na makamu mkuu wa chuo hana: unawajua watu wenyewe kwa majina.

Hesabu ya 3.8

Tuanze na namba inayowafungia wengi mlango. Kwenye vyuo vikuu vyetu vya umma, anayetaka kuwa mkufunzi msaidizi, yule tunayemwita TA, anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza. Anayeingia kama mhadhiri msaidizi anatakiwa awe na hiyo 3.8, na juu yake 4.0 kwenye shahada ya uzamili. Wewe unaijua namba hiyo kama unavyolijua jina lako. Usidhani mwanafunzi wako anaijua.

Nakumbuka binti mmoja aliyekuja ofisini kwangu wiki moja baada ya matokeo ya mwisho. Alisimama mlangoni, akaniamkia, nikamwambia aketi. Mkononi alikuwa na tangazo la kazi lililokunjwa mara nne, na nyuma ya karatasi ile alikuwa amepiga hesabu kwa penseli, akaifuta, akapiga tena. Jibu lilikuwa lilelile: 3.7. Alitaka kujua kama kuna mtihani mmoja unaoweza kusahihishwa upya. Haukuwapo.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilidhani nikishaingia daraja la pili la juu nimemaliza. Si linaanzia 3.5? Hakuna aliyeniambia."

Alikuwa sahihi. Hakuna aliyemwambia. Wavulana wawili wa darasa lake walijua tangu mwaka wa kwanza. Mmoja alikuwa akiishi na kaka yake aliyekuwa mhadhiri msaidizi kitivo kingine, na mwenzake alikuwa akicheza mpira jioni na TA wetu. Habari ilipita uwanjani na sebuleni, mahali ambapo binti yule hakuwapo. Nimewaza sana juu ya jambo hilo tangu siku ile, na nimefika mahali pa kuamini kwamba sehemu kubwa ya pengo tunalolilalamikia imejengwa na habari zinazopita kwa njia za namna hiyo, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Sasa chukua kalamu. Tuseme programu yenu ni ya miaka mitatu na mzigo wa masomo unalingana kila mwaka. Mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza na 3.4 anahitaji wastani wa 4.0 kwa miaka miwili iliyobaki ili afike 3.8. Ukikaa kimya, akamaliza na mwaka wa pili akiwa bado na 3.4, mwaka wa tatu peke yake itabidi apate 4.6. Safari ya kwanza inawezekana kabisa kwa mwanafunzi mwenye bidii aliyeelekezwa. Ya pili ni wachache mno wanaoimudu. Tofauti kati ya safari hizo mbili ni mazungumzo ya dakika ishirini mwanzoni mwa mwaka wa pili.

Basi matokeo ya mwaka wa kwanza yakitoka, chukua orodha na upitie majina. Usiishie kwa wale watano wa juu, maana hao kila mtu anawaona. Tazama kundi la kuanzia 3.3 hivi kwenda juu, ambalo bado lina nafasi ya kupanda. Waite wote, wasichana kwa wavulana, kwenye chumba cha semina, kweupe. Andika ubaoni ngazi nzima: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Pembeni ya kila ngazi andika inachodai. Waonyeshe hesabu ya 3.8, kila mmoja apige ya kwake. Mimi nilikuwa nawaita wote kwa sababu mbili. Ya kwanza ni haki. Ya pili, wasichana wakiitwa peke yao hutoka pale na maneno ya wenzao mgongoni, kwamba wanabebwa, na msichana wa miaka ishirini na moja hana haja ya kubebeshwa mzigo huo.

Baada ya hapo ndipo yanakuja mazungumzo ya mmoja mmoja, na hapa uwe mwangalifu na lugha. Usimwambie "jitahidi." Amelisikia neno hilo tangu darasa la kwanza na halimwonyeshi njia. Mwambie: nimesoma ripoti yako ya maabara, ulivyoeleza kosa la kipimo ni kazi ya mtu anayeweza kuwa mtafiti, je, umewahi kufikiria kubaki chuoni? Wengi watakutazama kana kwamba umewauliza kama wanataka kwenda mwezini. Mmoja aliniambia alidhani walimu wa chuo huletwa kutoka Ulaya wakiwa tayari wamesoma. Alikuwa anatania nusu, nusu anasema kweli.

Mtu mmoja akikuita kwa wakati, maisha yanageuka. Wangari Maathai alifika Chuo Kikuu kishiriki cha Nairobi mwaka 1966 akiwa na barua ya kazi mkononi, akaambiwa kazi ile amepewa mwingine. Aliyemfungulia mlango ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo, aliyeona kwamba mwanamke huyu anajua kuandaa tishu kwa ajili ya hadubini na kwamba idara inahitaji ujuzi huo. Mwaka 1971 Wangari akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, na mwaka 1976 akawa mkuu wa idara hiyohiyo. Sisi tunamkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Mimi humkumbuka pia yule mkuu wa idara aliyetazama ujuzi akaona mfanyakazi.

Jambo moja lazima nilitaje kabla ya kuendelea, maana ukilipuuza mengine yote yataharibika. Msichana anayeogopa kuingia ofisi ya mhadhiri hawezi kulelewa kitaaluma na mhadhiri huyo. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kila mwanafunzi wako anapaswa kulijua hilo siku ya kwanza, kutoka kwenye kinywa chako wewe mkuu. Panga usimamizi wa miradi ya mwaka wa tatu uwe wa wasimamizi wawili. Mikutano ifanyike maabara au chumba cha semina saa za kazi, na kila mkutano uwe na karatasi yenye tarehe na lililoamuliwa. Waadilifu wote watalipenda hilo, kwa kuwa linawalinda na wao.

Tangazo halimwiti mtu

Zamani idara ilibakiza wanafunzi wake bora, na neno "alibakizwa" lilikuwa sifa kubwa kijijini kwa mtu. Siku hizi nafasi zinapita kwenye ikama, kibali, na kwa kawaida tangazo la Sekretarieti ya Ajira. Utaratibu huo una faida zake, mojawapo ikiwa kwamba mkuu wa idara hawezi kubakiza mpwa wake. Lakini pia umewafanya wakuu wengi wa idara wakunje mikono wakisema ajira si yao tena. Zipo sehemu mbili zilizobaki mikononi mwako.

Kwanza, sifa za nafasi zinatoka kwako. Ukiandika kwamba unataka mtu wa tawi dogo kabisa la fani, ambalo nchini limesomwa na watu wanane na saba kati yao ni wanaume, umeshaamua matokeo kabla ya tangazo. Jiulize kama ufundishaji wa idara unahitaji tawi lile hasa, au kama "kemia ya mazingira au fani inayokaribiana nayo" inatosha. Mara nyingi inatosha.

Pili, unaweza kupiga simu. Mstari wa "wanawake wanahimizwa kuomba" ni mzuri na uendelee kuandikwa, ila hakuna anayeusoma akaona ametajwa yeye. Weka daftari la wahitimu wenu wa kike wa miaka mitano iliyopita waliokidhi vigezo: jina, namba ya simu, yuko wapi, anafanya nini. Anafundisha sekondari Nachingwea, yuko kwenye maabara ya kiwanda cha bia Mwanza, yuko nyumbani na mtoto wa miezi tisa. Tangazo likitoka, mpigie. Usitume ujumbe kwenye kundi la darasa la WhatsApp ukadhani umemaliza, kwa kuwa kila mmoja atadhani umekusudiwa mwingine.

Nilipoanza kupiga simu hizo nilishangazwa na sababu nilizopewa. Wachache sana walisema hawataki. Mmoja alisema anangoja apate uzamili kwanza, wakati nafasi ya TA haidai uzamili. Wa pili alidhani miaka thelathini na mbili umri umepita, ilhali matangazo ya utumishi wa umma kwa kawaida yanaruhusu hadi miaka 45. Na watatu, nasema watatu, walikwama kwenye majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema hivi, kitambulisho cha Taifa kilichoandikishwa baada ya ndoa kinasema vile, na mfumo wa maombi unamtazama kama watu wawili. Hilo linatibika kwa hati ya kiapo ya majina iliyosajiliwa, lakini haipatikani kwa siku moja, na tangazo hukaa wazi wiki mbili tu. Wanaume hawakutani na kikwazo hiki kwa sababu hawabadili majina wakioa. Waambie wahitimu wako siku ya mahafali: ukiolewa na ukaamua kubadili jina, tengeneza hati hiyo mwezi huohuo.

Halafu kuna barua za wadhamini. Hapa nakuomba utulie kidogo, kwa sababu ni kosa tunalolifanya kwa upendo. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 zilizoandikwa kuwaombea kazi walimu wa chuo kimoja cha tiba Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi na zilikuwa na maneno mengi zaidi ya kutia shaka. Niliposoma hayo nilikwenda kwenye faili langu nikatoa barua nilizoandika mwenyewe. Kwa kijana mmoja wa kiume nilikuwa nimeandika: mtafiti hodari, mwenye fikra huru, aliyebuni njia mpya ya kupima madini ya floridi kwenye maji ya kisima. Kwa msichana aliyemzidi alama nilikuwa nimeandika: binti mpole, mwenye nidhamu na heshima, mchapakazi, anayeelewana na wenzake. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba kipimo cha yule kijana kilikuwa kinasoma juu kuliko kiasi halisi, na sikulitaja.

Ukimaliza kuandika barua ya mwanamke, isome tena ukitafuta kitu alichokifanya: kipimo, hoja, matokeo, tafsiri, programu ya kompyuta, sura ya tasnifu. Kama barua nzima inaweza kutumika kumwombea kazi ya kutunza nyumba ya wageni, irarue uanze upya.

Ndani ya chumba cha usaili

Miaka kadhaa iliyopita niliketi kwenye jopo la watu watano, mwanamke nikiwa peke yangu. Aliingia mwombaji wa nafasi ya mhadhiri msaidizi, amevaa vizuri, ana karatasi zake kwenye bahasha ya kaki. Aliwasilisha mada yake vizuri kuliko wote waliomtangulia. Ukafika wakati wa maswali, na mjumbe mmoja, mtu mzima, mwenye sauti ya baba, akamuuliza: "Sasa mama, wewe umeolewa juzi. Tukikupeleka kusoma nje miaka minne, mzee nyumbani ataridhia? Au ndio tutaanza kuhesabu likizo za uzazi?"

Wengine wakatabasamu. Msailiwa naye akatabasamu, kwa adabu, akasema watapanga. Baada ya swali hilo sauti yake ilishuka na haikupanda tena. Mimi nilinyamaza. Swali lilelile niliulizwa mimi mwaka nilioajiriwa, na nadhani nilikuwa nimelizoea kama mtu anavyozoea jiwe kwenye kiatu. Kazi akapewa mwingine. Sikusema kitu siku ile, na ndiyo sababu nayasema leo.

Swali lile lilikuwa nje ya sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, ndoa na majukumu ya familia, na kinatamka kwamba mwombaji wa kazi naye analindwa kama mfanyakazi. Kwa hiyo kabla ya mlango kufunguliwa kwa msailiwa wa kwanza, mwenyekiti wa jopo asome maswali yaliyokubaliwa, ambayo kila msailiwa ataulizwa, na aseme kwamba ndoa, watoto na mimba havimo. Kama mwenyekiti si wewe, mwombe afanye hivyo. Na mjumbe akiteleza, anayepaswa kuingilia ni mwenyekiti, papo hapo, kwa sentensi moja: swali hilo tumelifuta, tuendelee. Usimwachie msailiwa ajitetee.

Alama ziandikwe na kila mjumbe peke yake kabla ya mazungumzo. Mjadala ukianza na mkubwa akasema "huyu kijana nimempenda," wadogo huinamisha kalamu zao.

Usiweke mwanamke mmoja kwenye jopo ukaona umemaliza. Weka wawili, hata ikibidi umwombe mwenzako wa idara jirani. Wawili hutazamana, na mmoja akisema, mwingine huitikia. Vilevile kwa wasailiwa: mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliochunguza waliofika hatua ya mwisho kwenye ajira za chuo kikuu kimoja waliona kwamba mwanamke akiwa peke yake kati ya wanne, uwezekano wake wa kuchukuliwa ni kama haupo. Wakiwa wawili, jopo linaacha kumtazama "yule mwanamke" na kuanza kulinganisha watu.

Wala usidhani wanawake wa kwenye jopo wana kinga. Mwaka 2012 Corinne Moss-Racusin na wenzake walipeleka maombi ya kazi ya msimamizi wa maabara kwa walimu 127 wa sayansi kwenye vyuo vikuu vya Marekani. Maombi yalikuwa yaleyale neno kwa neno, ila nusu yalikuwa na jina la John na nusu la Jennifer. John alionekana ana uwezo zaidi na akapangiwa mshahara mkubwa zaidi, na walimu wa kike walimpendelea sawasawa na wa kiume. Ndiyo sababu nasisitiza utaratibu ulioandikwa. Nia njema nilikuwa nayo hata mimi, siku niliyonyamaza.

Kuna watakaokuuliza kama hayo yote si upendeleo. Kifungu kilekile cha 7 kinasema hatua za makusudi za kuleta usawa si ubaguzi, na historia yetu ya karibu ina mfano: kuanzia mwaka 1990 Makerere iliwaongezea wasichana alama 1.5 kwenye udahili, na hesabu ya wanafunzi wa kike ikapanda. Kwa udahili naliunga mkono. Kwa ajira ya walimu mimi sitaki alama za nyongeza, na huu ni msimamo wangu ambao wenzangu wengine hawaukubali. Mwalimu anayejulikana kwamba aliongezewa atakumbushwa kila siku ya kazi, na isitoshe hatuhitaji. Wenye 3.8 wapo. Hata wenye fedha wamejikwaa kwenye njia za mkato: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, mwaka 2019 kilifungua nafasi zake za walimu kwa wanawake peke yao kwa miezi sita ya mwanzo ya kila tangazo, na mwaka uliofuata chombo cha haki za binadamu cha nchi hiyo kikasema mpango umevuka mipaka. Chuo kikalazimika kuupunguza.

Akishaingia

Sasa umempata. Ana miaka ishirini na mitano, amepangiwa meza kwenye chumba cha TA watatu, na mbele yake kuna miaka kumi ambayo ngazi yetu ya kitaaluma imeipanga kama vile binadamu hazai: uzamili, uzamivu, machapisho, kupanda cheo. Hapa ndipo vyuo vinapowapoteza wengi, na kwa kuwa hawaachi kazi bali wanabaki wahadhiri wasaidizi hadi wanastaafu, hakuna anayehesabu.

Wewe hesabu. Andika kwenye karatasi moja kila mwanamke wa idara yako, mwaka alioajiriwa, ngazi aliyopo, na kamati alizomo. Safu ya mwisho itakushtua. Kwa kuwa kila kamati "inahitaji mwanamke," na wanawake ni wawili, hao wawili wamo kwenye zote: ya maadili, ya michezo, ya mahafali, ya misiba na sherehe. Humo ndimo wanamoandika kumbukumbu za vikao. Kumbukumbu za vikao hazimpandishi mtu cheo. Mwondoe kwenye kamati tatu mwaka huu, na mwandishi wa vikao awe wa zamu, kwa herufi za majina.

Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi, mwajiri anatakiwa amwachie hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Karibu kila mkuu wa idara anazijua zile siku 84, lakini hizo saa mbili sijakutana na wengi wanaozijua. Ratiba ya vipindi ndipo zinapopatikana au zinapopotea. Vyuo vyetu vina vipindi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, na mgeni kwenye idara hupewa makombo ya ratiba: cha alfajiri na cha usiku. Mwenye mtoto mchanga mpe vya katikati ya asubuhi kwa mwaka mmoja. Atakuja kuulipa mwaka huo mtoto akianza chekechea, na kwa wanaume waliopata mtoto wakiomba hivyo, wape pia.

Kuhusu uzamivu, usimwache atafute peke yake. Shirika la OWSD lenye makao yake Trieste, Italia, hufadhili wanawake wa nchi zinazoendelea kusoma uzamivu wa sayansi kwenye nchi nyingine zinazoendelea, na lina utaratibu wa kusoma ukiwa umeandikishwa chuoni kwenu huku ukienda vipindi vifupi kwenye maabara ya nje. Kwa mwenye mtoto wa miaka miwili, utaratibu huo ndio tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Walio kwenye kilimo na mifugo wanao mpango wa AWARD, wa Nairobi, tangu mwaka 2008, ambao huwaunganisha watafiti wa kike na walezi wa kitaaluma. Wewe kazi yako ni kujua tarehe za maombi na kuusoma mswada wa andiko lake wiki mbili kabla, ukiwa na kalamu nyekundu. Na kwenye mradi wako wa utafiti, mpe sehemu yenye jina lake kwenye makala. Ukimwachia kuratibu safari, posho na chai ya washiriki, umemnyima.

Mwaka wangu wa tatu wa uongozi niliingia stoo ya kemikali kutafuta mtungi wa ethanoli. Mlango ulikuwa umeegeshwa, na kioo chake kimezibwa kwa kanga. Ndani alikuwa TA wetu aliyerudi kutoka likizo wiki iliyotangulia, ameketi juu ya kreti la chupa, anakamua maziwa. Kulia kwake kulikuwa na asidi, kushoto asetoni. Maziwa aliyaweka kwenye chupa ya chai iliyojazwa barafu, maana kwenye friji ya sampuli hakuthubutu. Akaniomba radhi. Yeye, akaniomba radhi mimi.

Kwenye korido ileile kulikuwa na chumba kidogo chenye mashine ya kudurufu iliyokuwa imekufa miaka sita kabla. Tuliitoa mashine, fundi akaweka kitasa kinachofungwa kwa ndani, tukaleta kiti chenye mgongo, pazia, sinki likaunganishwa, na friji ndogo tukainunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Gharama yote haikufika posho za kikao kimoja cha siku mbili. Kama jengo lenu lina chumba cha namna hiyo, na karibu kila jengo linacho, kitafute wiki hii, kabla hajaomba mtu. Funguo zisikae kwa katibu muhtasi wala kwako, maana hapo kila siku mwenye mtoto atalazimika kueleza anaendea nini. Chonga mbili, na zote awe nazo yeye, hadi atakapomkabidhi moja mwenzake atakayemfuata.